Mume wangu hataki kuiachia wiki ya ufukweni, na mimi nataka kwenda kwa mama

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mzaliwa wa Tanga, naishi Minnesota, Marekani, na mume wangu na watoto wetu watatu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Hatulali njaa, Alhamdulillahi, ila pesa yetu ni ya kuhesabu.

Januari 2018 tuliwaacha watoto kwa jirani tukaenda kupumzika Mexico, upande wa bahari ya Karibi, kusini ya Cancún. Baridi ilikuwa imetuchosha. Tukiwa bado ndani ya uwanja wa ndege tulipokewa na vijana wenye sare, tukawadhania watu wa teksi. Walikuwa madalali. Walituahidi usafiri wa bure na tiketi za nusu bei za kwenda kuona magofu ya Chichén Itzá, mradi tuhudhurie kikao cha dakika 90 kwenye hoteli moja ya ufukweni, chai ya asubuhi juu yao. Tuliingia saa tatu asubuhi, tukatoka saa tisa alasiri. Kila tulipokataa aliletwa bosi mwingine na bei nyingine. Mwisho mume wangu akaniangalia, nikaona anakitaka kile kitu kwa moyo wake wote, tukasaini. Ni mkataba wa taimushea, yaani tumenunua haki ya kukaa hotelini pale wiki moja kila mwaka kwa miaka 30. Bei dola 17,000. Nyingine tulilipa kwa kadi, nyingine kwa mkopo tulioumaliza mwaka jana.

Mkopo umekwisha lakini kulipa hakujaisha. Kila Novemba inakuja ada ya matengenezo. Ya kwanza ilikuwa dola 850, ya mwaka huu wa 2025 ni 1,390. Juu yake weka nauli za watu watano na chakula, maana wiki yetu ni ya chumba tu. Tunakaribia dola 5,000 kila mwaka. Na kila tukifika tunaitwa kwenye mkutano wa wanachama, ambao ni kikao kingine cha kutuuzia chumba kikubwa zaidi.

Mama yangu yuko Ngamiani, Tanga, ana miaka 78. Ana presha, na magoti hayamruhusu kwenda mbali. Mara ya mwisho kumwona ni 2019, tulipokwenda kumzika baba mkwe. Nikipiga simu haulizi lini nakuja, amekwisha kuacha kuuliza, na hilo ndilo linaloniumiza. Tiketi ya kwenda nyumbani ni kama dola 1,800 kwa mtu mmoja. Nikiiangalia ile ada ya Novemba naiona tiketi yangu inaondoka.

Nikimwambia mume wangu hagombi. Ananijibu kwa upole, "Kila kitu chukua, hiyo wiki niachie." Yeye ni mtoto wa Pangani, baba yake alikuwa mvuvi, na amekua akiijua bahari kama mahali pa kazi. Kule Mexico analala mpaka saa nne asubuhi. Mwaka mmoja tulikuta ufuko umejaa mwani wa kahawia, unanuka kama mayai viza, matrekta yanauzoa na wageni wanadai pesa zao. Mimi nikawa nawawaza kina mama wa kwetu wanaopata riziki kwa kulima mwani. Yeye alivuta kiti akakaa akiyaangalia maji kama vile hakuna kilichoharibika. Sitasema uongo, wiki ile na mimi napata mume. Anawapikia watoto mayai, jioni tunatembea tukizungumza. Nyumbani tunaachiana vikaratasi juu ya friji.

Sasa kuna mambo mawili. La kwanza, hotelini wamemshauri amwandikishe binti yetu mkubwa, ana miaka 19, awe mwanachama pamoja nasi ili aje airithi wiki. Mume wangu amefurahi mno. Anasema watoto wake watakuwa na kitu baharini.

La pili hajui. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na bwana mmoja mwenye maneno mazuri, anajua majina yetu, hoteli na hata namba ya mkataba. Anasema kampuni moja ya Mexico inainunua wiki yetu kwa dola 26,000. Amenitumia karatasi zenye mihuri ya serikali. Kinachotakiwa nitume kwanza dola 2,150 za kodi kwenye benki ya kule, nitarudishiwa siku ya mauzo, na sahihi yangu peke yangu inatosha. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Pesa hiyo ninayo, nimeiweka kidogo kidogo. Nawaza niuze, nikate tiketi tano, halafu nimwambie.

Nifanye hivyo? Au niache tu kulipa ada? Au niende Tanga peke yangu niwaachie wiki yao? Nimechoka kulia bafuni.

Binti wa Ngamiani, Minnesota

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na yule bwana wa simu kwa sababu amekuwekea tarehe. Mengine yote nitayaacha mikononi mwako, hili nalisema wazi: usimtumie hata dola moja, na ukishamaliza kusoma hapa usipokee tena simu yake. Alichokueleza kinalingana hatua kwa hatua na utapeli ambao serikali ya Marekani imekuwa ikiutolea onyo. Mnunuzi anatokea mwenyewe, bei inapita ile mliyonunulia, karatasi zina mihuri, na kabla ya mauzo kuna kodi au ada ya kutuma kwenye benki ya Mexico. Ukishatuma, inazuka kodi nyingine. Shirika la upelelezi la FBI linasema kati ya 2019 na 2023 watu wapatao 6,000 wa Marekani waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa njia hii. Mwaka 2023 na 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico zinazohusishwa na genge la dawa za kulevya la CJNG, ambalo limeufanya utapeli huu kuwa mradi wake katika mji wa Puerto Vallarta. Majina yenu na namba ya mkataba visikushangaze, taarifa za wanachama huvujishwa na kuuzwa. Tena waliokwisha kulizwa hupigiwa mara ya pili na watu wanaojiita mawakili au maofisa wa serikali, wakiahidi kuwarudishia pesa kwa malipo kidogo. Akikurudia kwa jina lingine, ndiyo hao. FBI wanapokea ripoti kwa njia ya intaneti kwenye kituo chao cha malalamiko, IC3, na ukiwapelekea zile karatasi utakuwa umemsaidia na mwenzako ambaye zamu yake haijafika.

Hata bila utapeli, jiulize juu ya ile bei. Wiki za namna yenu zikiuzwa tena mara nyingi hupata sehemu ndogo sana ya bei ya kwanza, na nyingine zinatangazwa kwa dola moja na bado hazipati mtu, kwa sababu anayenunua ananunua na ada. Hizo dola 26,000 zilikuwa ndoto aliyokushonea mtu anayejua unachokosa. Najua inauma. Lakini zile dola 2,150 ulizoweka kidogo kidogo zipo bado, na nitazirudia.

Sasa tuje nyumbani kwako. Nilivyokuelewa, umebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Unamhofia mama asije akaondoka hujamwona, na unamhofia mume usije ukamnyang'anya kitu pekee anachokiomba. Umeviweka katika hesabu moja ya dola, kama kwamba mmoja akipata lazima mwingine akose. Ninataka tuiangalie hiyo hesabu pole pole.

Umeandika kwamba ile ada ni tiketi yako inayoondoka. Je, ni kweli? Tiketi yako peke yako ni dola 1,800, na akiba uliyotaka kumtumia mtu usiyemjua ni 2,150. Maana yake nauli ya kwenda Tanga ilikuwa mkononi mwako, wiki ya Mexico ikiwa palepale. Sisemi hivi kukulaumu. Nauliza kwa sababu nahisi kuna kingine kinachokuzuia zaidi ya nauli. Labda ni likizo kazini. Labda ni zile sanduku mbili za zawadi, maana mtu hashuki mikono mitupu akitokea Marekani. Labda ni kufika Ngamiani peke yako na kujibu kila mlangoni mume yuko wapi na watoto mbona hukuja nao. Katika barua unakata tiketi tano, hukati moja. Kama unachotaka ni familia nzima imwone bibi, hilo ni tofauti na wewe kumwona mama, na bei zake ni tofauti pia.

Kuna jambo jingine umelitaja ukalipita. Mara ya mwisho mlikwenda nyumbani kumzika baba mkwe. Mwanamume aliyekulia kwenye ngalawa ya baba yake amemzika 2019, na tangu hapo kila mwaka anakwenda kukaa mbele ya bahari ya watu wengine, hata ikinuka, hata ikiwa imejaa mwani. Simjui mumeo na sitaki kumsemea. Lakini wewe umechukulia kwamba anapenda hoteli kuliko kwao. Uliwahi kumuuliza ile safari ya mazishi ilimwachia nini? Wengi walioko nje wananiandikia kwamba wakifika nyumbani hawapumziki. Kuanzia alfajiri kuna mtu barazani: ada ya mtoto, bati, deni la hospitali, kiwanja cha marehemu na ndugu wasioelewana. Mtu anapenda kwao, na bado anaogopa kwenda kwa sababu hana cha kuwapa wote. Kule ufukweni hakuna anayemjua. Huenda "hiyo wiki niachie" maana yake ni niachie siku saba nisiwe na deni kwa mtu. Huenda pia ni uvivu wa likizo tu na hakuna zaidi. Yeye ndiye mwenye jibu, na sidhani kama ameshaulizwa kwa namna hiyo.

Nawe usijitoe kwenye picha. Umeniambia wiki ile na wewe unapata mume. Ukiiuza kimya kimya, yale matembezi ya jioni yanauzwa nayo, na atakayeshuka nawe Dar es Salaam na tiketi uliyomkatia bila kujua atakuwa mtu aliyefichwa jambo. Naelewa kwa nini ulivutiwa na wazo la kumshtukiza kwa furaha. Ila mkataba una majina mawili, na mtu anayekwambia sahihi ya mke inatosha alikuwa anakuondolea mtu pekee ambaye angekuuliza maswali.

Mnazo njia kadhaa, kila moja na miiba yake. Kufuta mkataba kwa sababu mlibanwa kwenye kikao kwa sasa ni vigumu. Kanuni ya Mexico iliyokuwepo mliposaini, NOM-029 ya mwaka 2010, ilimpa mnunuzi siku 5 za kazi kujitoa bila adhabu, na zenu zilipita zamani. Mnachoweza ni kuiandikia hoteli, kwa maandishi na si kwa simu, mkiuliza kama wanapokea wiki kurudishwa sasa kwa kuwa mkopo umekwisha. Wapo wanaokubali, wengine wanatoza kitu, wengine wanakaa kimya. Ofisi ya serikali ya Mexico inayotetea wanunuzi, PROFECO, hupokea malalamiko ya wageni pia. Mkirudisha hamtapata senti, na mtakuwa mmekubali kwamba zile dola 17,000 zimekwenda. Kwa mwanamume aliyezilipa kwa kuendesha lori usiku hilo si jambo dogo, mpe nafasi ya kulihuzunikia.

Kuacha tu kulipa kunaonekana rahisi, lakini kunategemea mkataba unasemaje na nani anayekusanya ada. Mwingine akiacha hunyang'anywa wiki basi, mwingine deni hupelekwa kwa wakusanya madeni na kuchafua rekodi yake ya mikopo Marekani. Usijaribu kabla mtu anayejua sheria hajausoma mkataba wenu. Vyama vya msaada wa kisheria wa bure vipo huko kwenu, na ni salama kuliko kampuni zinazotangaza kwamba zitakutoa kwenye taimushea kwa malipo ya mbele. Baadhi ya hizo ni mtego mwingine.

Mnaweza pia kubaki na wiki lakini msiende kila mwaka. Someni kama mnaruhusiwa kuiahirisha, kuipangisha au kuibadilisha. Kampuni za kubadilishana wiki zipo tangu miaka ya 1970, RCI ilianza 1974 na Interval International 1976, na hoteli nyingi zimejiunga na mojawapo. Ulizeni kama kwenye orodha yao kuna hoteli ya ufukweni Afrika Mashariki. Ikipatikana pwani ya Kenya, kutoka Mombasa mpaka Tanga ni safari ya basi ya siku moja kupitia mpaka wa Horohoro. Mumeo angekuwa na siku zake za kulala mpaka saa nne, nawe ungekuwa kwa mama. Tahadhari: kujiunga kuna ada, kubadilisha kuna ada, na unachoahidiwa kwenye kikao si lazima kiwepo tarehe unayoitaka. Msilipe kabla hamjaona chumba na tarehe. Na nauli za watu watano kuvuka dunia ziko palepale.

Kisha kuna kwenda wewe peke yako, nao wakaenda Mexico au wakakaa. Ndiyo njia ya karibu zaidi na akiba yako. Hatari yake naiona zaidi kwenye moyo kuliko mfukoni: ukiondoka umekasirika, yeye ataisikia safari kama adhabu, na wewe utakaa kwa mama ukihesabu kosa lake. Ukiondoka mkiwa mmezungumza, huenda akawa ndiye anayekupeleka uwanja wa ndege na bahasha ya kumpelekea mama mkwe.

Kuhusu binti yenu, hapa ningeomba msiharakishe. Namuelewa baba anayetaka wanawe wawe na kitu baharini. Lakini Katiba ya Mexico hairuhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilometa 50 kutoka pwani, na mikataba ya namna yenu kwa kawaida ni haki ya kutumia chumba kwa muda. Hakuna kiwanja ndani yake. Ada yenu imepanda kwa karibu asilimia 7 kwa mwaka. Ikiendelea hivyo, mwaka 2048 mkataba ukimalizika itakuwa zaidi ya dola 6,000, na binti atakuwa na miaka 42. Marekani mrithi anaweza kuukataa urithi asioutaka akifuata taratibu kwa wakati. Aliyetia sahihi akiwa hai kama mwanachama amekubali deni, na kujitoa ni kazi nyingine. Mwonyesheni hesabu hizo yeye mwenyewe, ni mtu mzima sasa. Anaweza kusema anaitaka, hiyo ni haki yake.

Mazungumzo na mumeo usiyaanze na ada ya Novemba. Wala usiyaanze siku anayorudi barabarani. Mtafute akiwa amelala vya kutosha, umuulize juu ya Pangani na juu ya baba yake, usikilize mpaka mwisho hata kama kwenye maneno yake hakuna jibu lako. Ile simu mwambie pia. Utaona aibu kidogo, lakini mlango uliotaka kuufungulia pesa utakuwa umefungwa na nyinyi wawili. Halafu mwambie kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, kwamba mama ameacha kuuliza lini. Sina uhakika kama analijua hilo. Mkishafika hapo mtoe mkataba kabatini muusome pamoja, kipengele cha kuahirisha, cha kurudisha na cha kutolipa, mkiwa na kalamu.

Na mama mpigie leo umuulize yeye angependa uje lini. Baada ya Idi, au watoto wakifunga shule? Angependa nyumba ijae wajukuu kwa siku chache, au akupate wewe peke yako kwa wiki tatu umpeleke kliniki na kukaa naye jikoni? Umeniandikia mengi juu yake mwanangu, lakini sijaona mahali aliposema mwenyewe anachotaka.